Chupa ikipasuka kabla ya wakati: wanasubiri nini?

Mwezi uliopita msomaji mmoja wa safu hii alinitumia ujumbe mrefu wa simu, alioandika usiku wa manane. Mke wake alikuwa na ujauzito wa wiki 19, wa pili, na kliniki alihudhuria kama kawaida. Usiku mmoja akaamka kitanda kimelowa. Walidhani ni mkojo, kumbe chupa imepasuka. Wakakimbilia hospitali, mama akalazwa, akapimwa, wakaambiwa mapigo ya moyo wa mtoto bado yapo, kwa hiyo hakuna la kufanya ila kusubiri. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Siku ya tatu jioni mama akaanza kutetemeka kama mwenye malaria, na maji yaliyokuwa yakitoka ukeni yakaanza kunuka. Ndipo wodi nzima ikachangamka. Usiku ule mimba ikatoka, akasafishwa, akatundikiwa dripu za dawa, akakaa hospitalini wiki mbili. Yu hai.

Swali lake lilikuwa fupi kuliko maelezo yake. Walikuwa wanasubiri nini? Mtoto apone, au mama augue?

Sikumjibu siku ile. Faili la mkewe sijaliona, na sina haki ya kusema nani alikosea. Lakini swali lenyewe si geni. Limeulizwa Ireland, limeulizwa Poland, linaulizwa Marekani sasa hivi, na kila mahali limeulizwa na familia ambazo hazikuwa na nia yoyote ya kutoa mimba. Zilikuwa zinamtaka mtoto. Ndiyo maana leo nataka tulizungumze taratibu: sheria zinazozuia utoaji mimba zinamgusaje mama ambaye mimba yake aliitaka, ikaharibika ikiwa bado changa?

Safu hii si mahali pa kubishana kuhusu dini na siasa za jambo hili. Kila nyumba ina msimamo wake. Mimi nazungumzia kitanda cha wodi.

Mlango ukiwa wazi

Mtoto akiwa tumboni hukaa ndani ya utando uliojaa maji, ule ambao mtaani tunauita chupa. Maji yale yana kazi zaidi ya kumkinga asigongwe. Mtoto huyavuta na kuyatoa, na kwa kufanya hivyo mapafu yake hukua. Chupa ikipasuka wiki ya 37 na kuendelea, ni dalili ya kujifungua, watu hutafuta usafiri na kubeba kanga. Ikipasuka wiki ya 32, daktari humlaza mama, humpa antibiotiki na sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na mara nyingi wote wawili hurudi nyumbani salama.

Ikipasuka wiki ya 17, 18 au 19, habari ni nyingine. Mtoto wa umri huo akizaliwa hawezi kupumua, hata katika hospitali yenye mashine ghali kuliko zote duniani. Akibaki tumboni bila maji, mapafu hudumaa. Wapo wachache ambao mimba yao iliendelea wiki nyingi baada ya hapo na mtoto akaishi. Ni wachache, na mzazi ana haki ya kuambiwa hivyo bila kufichwa na bila kutishwa.

Kwa mama kuna jambo jingine. Utando ule ni ukuta. Ukeni kuna vijidudu vya kawaida ambavyo havimdhuru mtu vikikaa mahali pake. Ukuta ukitoboka, vinapanda kwenye kizazi, vinaingia kwenye utando na kondo la nyuma, na kutoka hapo vinaweza kuingia kwenye damu. Madaktari wanaita sepsisi: mwili unapambana na maambukizi kwa nguvu kiasi kwamba unaanza kujiumiza wenyewe. Presha inashuka, figo zinakataa, mapafu yanajaa maji. Mjamzito kijana mwenye afya anaweza kuonekana ana homa ndogo asubuhi na kuwa mahututi kabla ya magharibi. Miili ya vijana huficha ugonjwa, halafu huanguka ghafla.

Kuna jambo ambalo familia nyingi hazielezwi. Maambukizi yakishaingia kwenye kizazi, antibiotiki peke yake haitoshi. Kila mmoja wetu anajua jipu: unaweza kumeza vidonge wiki nzima, lakini usaha ukiwa ndani, jipu lipo. Kizazi ni hivyo hivyo. Kilichoambukizwa lazima kitoke, hata kama moyo wa mtoto bado unapiga, la sivyo wanapotea wote wawili.

Kwa hiyo chupa inapopasuka mapema hivyo, daktari ana njia mbili. Ya kwanza ni kusubiri huku mama akiangaliwa kwa karibu: joto la mwili, mapigo, presha, damu, harufu, maumivu, mara kwa mara usiku na mchana. Ni njia halali ya matibabu, na wapo wazazi wanaoichagua kwa moyo wote. Ya pili ni kumsaidia mama mimba itoke sasa, kabla maambukizi hayajaanza, kwa kuwa haina matumaini. Dawa inayotumika ni ile ile inayotumika kutoa mimba. Kifaa cha kusafisha ni kile kile. Kitendo, kwa macho ya sheria, kinaweza kuwa kile kile.

Hapo ndipo sheria inapoingia wodini.

Siku saba za Galway

Jumapili tarehe 21 Oktoba 2012, katika mji wa Galway magharibi mwa Ireland, mwanamke wa miaka 31 alifika hospitali akilalamika maumivu ya mgongo. Jina lake linajulikana dunia nzima sasa: Savita Halappanavar, daktari wa meno mzaliwa wa India. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, wiki 17. Walimpima wakamruhusu, akarudi siku ile ile hali ikiwa mbaya zaidi. Mlango wa kizazi ulikuwa umeanza kufunguka. Akaambiwa mimba haitakaa. Baada ya saa sita usiku, kuamkia Jumatatu, chupa ikapasuka.

Jumanne, yeye na mumewe waliomba mimba itolewe, kwa kuwa tayari walijua wanampoteza mtoto. Wakajibiwa kwamba sheria ya Ireland hairuhusu maadamu moyo wa mtoto unapiga na maisha ya mama hayako hatarini. Kwa wakati ule Katiba ya nchi hiyo, kwa marekebisho ya mwaka 1983, ilimpa mtoto aliye tumboni haki ya kuishi sawa na ya mama yake. Mahakama ya Juu ya nchi ilikuwa imesema mwaka 1992 kwamba mimba inaweza kutolewa ikiwa maisha ya mama yako hatarini kweli. Maisha, si afya. Na sheria ya jinai ya mwaka 1861 ilikuwa bado hai, yenye adhabu ya kifungo cha maisha.

Fikiria daktari amesimama kati ya maneno hayo mawili. Jumanne mgonjwa anazungumza, anakaa kitandani, homa hana. Afya yake iko hatarini, ndiyo. Maisha yake? Bado. Lini "bado" inageuka kuwa "sasa"?

Iligeuka Jumatano alfajiri. Savita aliamka anatetemeka, meno yakigongana. Ilipofika saa 12 na nusu asubuhi alikuwa na homa kali, mapigo yake yalikuwa 160 kwa dakika, na majimaji ya ukeni yananuka. Mchana daktari aliamua mimba itolewe, lakini kabla hajafanya hivyo moyo wa mtoto ulisimama na mimba ikatoka yenyewe. Akahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Alifariki Jumapili tarehe 28 Oktoba, usiku.

Sasa, nisimsingizie mtu, wala nisiisingizie sheria peke yake. Jopo la uchunguzi lililoongozwa na Profesa Sabaratnam Arulkumaran lilitoa ripoti mwaka 2013, na haikuwa na kosa moja tu. Vipimo vya damu vya Jumapili vilionyesha dalili ya maambukizi na havikufuatiliwa. Mgonjwa ambaye chupa yake imepasuka hakupimwa mara kwa mara inavyotakiwa. Mamlaka ya ubora wa huduma nchini humo nayo ilihesabu nafasi 13 ambazo kama zingetumiwa, huenda mambo yangekuwa tofauti. Uzembe ulikuwapo. Lakini ripoti ya jopo ilisema wazi pia kwamba mgonjwa hakupewa njia zote za matibabu, na kwamba sheria, jinsi ilivyoeleweka, ilichangia. Na daktari bingwa wa uzazi aliyetoa ushahidi kwenye uchunguzi wa kifo hicho, Dk Peter Boylan, alisema kama mimba ingetolewa Jumatatu au Jumanne, kuna uwezekano mkubwa mama yule angekuwa hai.

Mimi nikisoma ripoti ile naona mambo mawili yaliyofungamana. Sheria ilisema subiri. Na waliosubiri hawakuwa wanaangalia. Ukimlazimisha mtu kusubiri ukingoni mwa shimo, angalau mpe taa.

Ireland ilianza na taa. Mwaka 2013 hospitali zake za uzazi zilianza kutumia chati moja ya taifa inayomwonya muuguzi mapema mapigo, joto au presha ya mjamzito inapobadilika. Sheria ilibadilika baadaye. Tarehe 25 Mei 2018 wananchi walipiga kura na asilimia 66.4 wakaamua kuyaondoa marekebisho ya 1983. Sheria mpya inamruhusu daktari kuingilia kati ikiwa maisha ya mama yako hatarini au afya yake inaweza kupata madhara makubwa, na wakati wa dharura daktari mmoja anatosha kuamua.

Siku tisa za Texas

Wakati Ireland inaelekea huko, wengine wameelekea kwingine. Jimbo la Texas, Marekani, lilipitisha sheria iliyoanza kutumika Septemba 1, 2021, ikizuia kutoa mimba baada ya moyo wa mtoto kuanza kusikika, isipokuwa kwa dharura ya kitabibu. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaiacha kila jimbo lijiamulie, na Texas ikazuia karibu kabisa. Daktari atakayekutwa na hatia anaweza kufungwa maisha, kutozwa faini isiyopungua dola 100,000 na kunyang'anywa leseni.

Madaktari wa hospitali mbili kubwa za Dallas walikaa wakahesabu. Waliwafuatilia wanawake 28 waliopata matatizo makubwa kabla ya wiki ya 22, wengi wao chupa imepasuka, ambao kwa sheria ile mpya walilazimika kusubiri hadi hatari itokee. Kwa wastani walisubiri siku tisa. Asilimia 57 yao walipata madhara makubwa kiafya, kama maambukizi au kutokwa damu nyingi. Katika majimbo yasiyokuwa na sheria kama hiyo, kati ya wanawake wenye tatizo la aina hiyo waliochagua kutosubiri, waliopata madhara makubwa walikuwa asilimia 33. Na watoto? Karibu wote hawakuishi.

Wagonjwa 28 ni wachache, na mtafiti yeyote mwangalifu atakwambia usijenge nyumba juu ya idadi hiyo. Lakini mwelekeo wake unafanana na kile ambacho kila mkunga mzee anakijua bila takwimu.

Mmoja wa wanawake wa Texas, Amanda Zurawski, alisimulia yaliyompata mahakamani na mbele ya kamati ya Seneti. Chupa yake ilipasuka wiki ya 18. Alirudishwa nyumbani kusubiri. Alipopata sepsisi ndipo akahudumiwa, akalala chumba cha wagonjwa mahututi, na mrija wake mmoja wa uzazi ukaziba moja kwa moja. Yeye ni mwanamke aliyekuwa ametafuta mtoto kwa matibabu ya muda mrefu. Kesi waliyoifungua yeye na wenzake iliisha Mei 31, 2024 kwa mahakama ya juu ya jimbo kusema sheria haina utata. Mwaka mmoja baadaye bunge la jimbo hilo hilo likapitisha sheria ya kufafanua kwamba daktari hahitaji kungoja hatari iwe imefika mlangoni. Kama haikuwa na utata, ilihitaji kufafanuliwa nini? Nauliza tu.

Kwetu sheria inasemaje

Turudi nyumbani, maana hapa kuna undugu ambao wengi hawaujui. Ile sheria ya mwaka 1861 iliyokuwa ikitumika Ireland ilikuwa ya Uingereza, na maneno yake yamo, karibu vile vile, kwenye sheria za jinai ambazo wakoloni waliziacha Afrika Mashariki. Vifungu vya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania vinavyofahamika kwa namba 150, 151 na 152 vinatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayetoa mimba ya mtu kinyume cha sheria, hadi saba kwa mwanamke mwenyewe, na hadi mitatu kwa anayetoa vifaa au dawa akijua zinatumika kwa kazi hiyo. Zanzibar ina sheria yake.

Lakini soma mbele. Kifungu cha 230 kinasema mtu hana kosa la jinai kwa kufanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi, ili kuokoa maisha ya mama, ikiwa hali ya mgonjwa inafanya jambo hilo liwe la busara. Hakitaji wiki za mimba. Hakitaji idadi ya madaktari. Wala hakisemi mama awe amefikia kukata roho.

Kuna hukumu ya zamani inayosaidia hapa. London, mwaka 1938, daktari Aleck Bourne alishtakiwa kwa kutoa mimba ya binti wa miaka 14 aliyebakwa. Jaji aliwaeleza wazee wa baraza kwamba sheria haimtaki daktari angoje mpaka mgonjwa awe karibu kufa ndipo achukue hatua. Bourne akaachiwa huru. Hukumu ile imekuwa ikitajwa katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza. Yaani miaka mingi kabla ya Galway, swali la yule msomaji wangu lilikwisha kujibiwa na jaji mmoja wa Kiingereza.

Kenya imeenda mbali zaidi kwa maandishi. Ibara ya 26 ya Katiba ya mwaka 2010 inakataza kutoa mimba, isipokuwa mtaalamu wa afya aliyehitimu anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Hata hivyo, mwaka 2013 serikali iliuondoa mwongozo uliokuwa unawaeleza wahudumu wafanye nini. Mwaka 2019 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilisema kuuondoa kulikuwa kinyume cha Katiba, kwa sababu wahudumu waliachwa gizani. Nadhani hapo ndipo penye kidonda chetu sote. Sheria inaweza kuwa na mlango, lakini muuguzi wa zamu ya usiku katika hospitali ya wilaya hana nakala yake. Anachokijua ni neno "miaka 14".

Na hofu haimkamati muuguzi peke yake. Inamkamata mama anayetokwa damu nyumbani, anayeogopa kwenda hospitali asije akaulizwa amekunywa nini. Inamkamata mama mkwe anayenong'ona kwenye korido kwamba wasikubali kitu chochote kitakachoitwa kutoa mimba. Kiswahili chetu kinatenganisha vizuri: mimba imetoka, mimba imeharibika, mimba imetolewa. Lugha ya kitabibu ya Kiingereza inayoandikwa kwenye faili haitenganishi. Neno moja hubeba yote. Nimeshaona ndoa ikitikisika kwa sababu shemeji alisoma karatasi ya ruhusa na kuielewa alivyoielewa. Ukiliona neno hilo kwenye karatasi ya mkeo, muulize daktari maana yake kabla hujamuuliza mke.

Chupa kupasuka siyo hali pekee inayoangukia kwenye mkanganyiko huu. Mimba iliyotunga nje ya kizazi haiwezi kuwa mtoto, na mrija ukipasuka mama anaweza kufa kwa damu inayovujia tumboni, mara nyingi kati ya wiki ya sita na ya nane. Maumivu ya upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu, maumivu ya bega yasiyoeleweka: usingoje asubuhi. Mimba zabibu nayo ni uvimbe wa kondo, hutakiwa kusafishwa na kufuatiliwa kwa vipimo miezi kadhaa. Presha kali ya mimba inayoanza mapema sana haina tiba nyingine ila mimba kuisha. Dawa za presha na sindano za kuzuia degedege zinanunua muda tu. Na kuna mama mwenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni, ambaye ujauzito unaweza kuuzidi nguvu moyo wake. Kwa hao wote daktari hatakiwi kuwa na kigugumizi.

Ukiwa wodini

Sasa kwa aliye na mgonjwa leo. Maji yakitoka ukeni kabla ya wakati, hata kidogo, hata kama huna uhakika, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vaa pedi safi ili daktari aone rangi na aisikie harufu. Usijiingize kidole, usikutane na mwenzi wako, usitumie dawa za kienyeji za kuzuia mimba isitoke. Beba kadi ya kliniki. Tanzania kuna usafiri wa dharura wa m-mama kwa namba 115, bila malipo. Kituo chako cha afya kitakueleza unavyofanya kazi eneo lako.

Ukilazwa na kuambiwa tunasubiri, uliza kwa upole lakini uulize: tunasubiri nini? Nafasi ya mtoto kuishi kwa umri huu ni kiasi gani? Nitapimwa joto na mapigo kila baada ya saa ngapi? Mara moja kwa siku haitoshi. Kila saa nne ni kiwango cha kawaida, usiku ukiwamo. Ni dalili gani zikionekana mtabadili uamuzi? Je, hospitali hii ina uwezo wa kunisafisha usiku, ina damu, au nipewe rufaa sasa nikiwa na nguvu? Daktari mzuri haudhiki na maswali haya. Mimi ningefurahi kuulizwa.

Ndugu anayemlinda mgonjwa ana kazi yake. Akiona homa au, kinyume chake, mwili umekuwa baridi isivyo kawaida, kutetemeka, kupumua haraka, mapigo yanayokimbia hata akiwa amelala, tumbo linalouma likiguswa, harufu mbaya, mkojo kupungua, au mgonjwa anaongea maneno yasiyoeleweka, amwite muuguzi wakati huo huo. Asipokuja, amfuate. Asiogope kuonekana msumbufu. Jumatano ile alfajiri, Savita alikuwa anatetemeka zaidi ya saa mbili kabla ya hali yake kupimwa ipasavyo.

Na kama kuna dawa ulikunywa au ulipewa kabla ya kufika, iwe ya duka au ya mitishamba, mwambie daktari ukiwa naye faragha. Anahitaji kujua ili asikupe kitu kitakachogongana nayo. Mimba iliyoharibika yenyewe na iliyoharibiwa hutibiwa kwa njia moja, na huduma baada ya mimba kuharibika ni sehemu ya huduma halali za hospitali zetu. Kazi ya daktari ni kutibu. Kama mhudumu amekutolea maneno makali kwanza na dripu baadaye, una haki ya kulalamika kwa mganga mfawidhi.

Nilipomjibu yule msomaji, nilimwambia hivi. Kusubiri kwenyewe huenda hakukuwa kosa. Kama mkewe alielezwa, akachagua, na akapimwa kila saa nne, basi walikuwa wanatibiwa. Kama hakuelezwa, na kipimajoto hakikuja mpaka alipoanza kutetemeka, basi hakuna aliyekuwa anasubiri mtoto apone. Yeye ndiye anayejua lipi lilitokea. Akanijibu kwamba katika siku zile tatu mkewe alipimwa joto mara mbili.

Nikamwambia pia kwamba chupa iliyopasuka mapema mara moja inaweza kupasuka tena, kwa hiyo wasishike mimba nyingine kabla ya kumwona daktari wa uzazi. Atapima maambukizi ya njia ya mkojo na ya ukeni, ataangalia kwa altrasaundi kama mlango wa kizazi ni mfupi, na ikibidi atamshona mapema mimba ijayo, kati ya wiki ya 12 na 14. Na mimba ikiingia tu, waanze kliniki siku hizo hizo, wasingoje mwezi wa nne. Akaniuliza kama mkewe anaweza kwenda na mama yake, yule aliyekuwa akinong'ona kwenye korido. Nikamwambia aende naye, tena aingie naye chumbani kwa daktari.